Ukurasa wa Tisa

Dakika ya arobaini na moja, kinanda kilekile:
kinapanda ngazi tatu, kinashuka mbili,
kisha mwanamke wa bati anakikatiza,
simu yako ni muhimu kwetu.
Muhimu kama nini, bibi? Kama chumvi? Kama kodi?
Nimevaa makoti mawili ndani ya jiko langu mwenyewe.
Theluji ya ziwani imefika kwenye vitasa vya gari,
na huko chini tanuri la Halgren
linapepesa taa nyekundu mara nne, linanyamaza, mara nne,
kama mtu anayetaka kupiga chafya akashindwa.

Nilishabonyeza moja. Nilishabonyeza tatu.
Nilishataja namba ya mtambo, tarakimu kumi na sita,
kwa sauti ya kumsomesha mtoto.
Samahani, sijakuelewa.
Nikatamka neno ambalo marehemu mama
angenisugulia mdomo kwa sabuni.
Hilo ikalielewa. Ikaniunganisha.

"Asante kwa kupiga simu Halgren, naitwa Kevin."
R ya Kevin inabingirika kama kokoto mtoni.
"Pole sana kwa usumbufu, Bi. Wojtas.
Nyumba baridi si nyumba. Niruhusu niangalie."
Kisha kimya. Moja, mbili, tatu.

Mkono ukaniganda, na si kwa baridi.

Kimya hicho ni changu.
Nilikiandika hapa hapa Erie, ghorofa ya pili,
mwaka ambao kompyuta zetu zilifunguka kwa kujikongoja:
baada ya pole vuta pumzi, hesabu mpaka tatu,
mteja ajue kuna mtu.
Na nyumba baridi si nyumba
niliiokota kwa baba, alipokuwa akichochea kuni.
Ukurasa wa tisa. Mteja akikasirika, mtaje jina mara mbili.

Walikuja wageni wawili na madaftari.
Mkurugenzi akasema, waonyeshe kila kitu, Lorraine.
Nikawaonyesha. Nikawaokea na keki ya tufaha.
Wiki sita baadaye tulisimama kwenye maegesho
wanawake thelathini na wanane, kila mmoja na boksi lake,
maua ya mezani yakisinyaa kwa upepo.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu.
Mimi nilichimba, nikafukuzwa,
na leo nimerudi na ndoo.

"Bi. Wojtas? Bi. Wojtas, bado uko nami?"
Mara mbili. Kijana amesoma.

Nyuma yake jogoo akawika.
Huko kumekucha? nikamuuliza.
Kikapita kimya ambacho sikukiandika.
Kisha, kwa sauti nyingine, ya chini:
"Ni wa jirani, mama. Niko Iloilo, nafanyia kazi nyumbani.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Jina langu Reynante."

Nikamwambia ukurasa wa tisa ni mkono wa nani.
Hakuamini, nikamsomea mstari unaofuata kabla hajaufikia.
Akacheka, akaziba mdomo; nilikisikia kiganja.
Anahesabiwa dakika saba kwa kila mteja,
zikizidi anakatwa. Tulikuwa kwenye ya kumi na moja.
Akasema wamemketisha chumba chenye sponji ukutani
asome sentensi elfu mbili,
kwa furaha, kwa huruma, kwa huruma zaidi.
Kuanzia Machi mtambo utajibu simu kwa sauti yake.
Wamekupa keki? nikauliza.
"Piza," akasema.

Reynante, nikamwita. Reynante.
Sentensi wape zote. Ile pumzi usiwape.
Wakikuambia nyamaza kidogo hapo,
wewe shonanisha maneno, pita mbio.

Bodi mpya ya tanuri itafika Alhamisi,
au Alhamisi ya pili yake, hana uhakika,
na hilo halimo kwenye ukurasa wowote.

"Kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"
Swali hilo nalo niliandika mimi,
na miaka yote ile sikupata mtu wa kulijibu kwa kweli.
Nikajifunika koti la pili mpaka kidevuni.
Moja.
Mbili.